Kibwana Aligonga Mara Tatu

Siku ile nilikuwa juu ya mninga, na baba yangu alikuwa chini anachochea moshi. Ilikuwa katika misitu ya Sikonge, msimu wa kurina asali. Kama hujapata kurina, nikueleze kidogo, maana yaliyonipata baadaye yana uhusiano na kazi ile. Mzinga wetu ni gogo lililotobolewa ndani, limelazwa juu ya matawi, na kichwani lina kifuniko cha duara. Unapanda na kienge chako cha moshi, unafungua kifuniko, unakata masega, unawaachia nyuki sehemu yao, halafu unafunika.

Lakini baba hakuniruhusu kufunika hivihivi. "Tega sikio kwanza!" alipaza sauti kutoka chini. "Umesikia nini?"

Nyuki waliotulia wana mlio wao, na nyuki waliobanwa wana mlio mwingine. Ukifunika wakiwa wamebanwa na sega lililoanguka, wanafia humo wote, na mwakani unakuta mzinga mtupu. Siku ile nikatega sikio, nikamjibu baba kwamba wametulia, nikafunika, nikashuka. Tukala viazi vya kuchoma. Ilikuwa siku njema tu, haina neno. Nimeikumbuka mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu, na Nyamizi mke wangu akisikia hayo ananuna.

Mimi nilisoma madarasa mawili ya misheni, halafu mwalimu akamwambia baba kwamba mkono wangu unafaa shoka kuliko kalamu. Hakukosea. Kwa hiyo msomaji ukiona naruka huku na huku, univumilie.

Siku ya pili yake nilifunga madebe mawili ya asali kwenye baiskeli, nikaenda Tabora, mpaka mtaa wa Ng'ambo, kwa Mwarabu mmoja ambaye ukoo wake ulikuwa ukinunua asali yetu tangu enzi za babu yake. Nikakuta watu wamejaa barazani. Vita vile vya pili vya Wazungu vilikuwa vimeshaanza, na karani wa kuandikisha askari alikuwa amekaa mezani pale. Akauliza, "Nani kati yenu anaweza kupanda mti mrefu bila kamba?" Watu wakacheka, wakanisukuma mbele, mimi nikiwa bado nanuka moshi. Nilidhani wanataka mtu wa kukata magogo. Kumbe walitaka mtu wa kupanda mlingoti.

Hivyo ndivyo mtu wa Sikonge, ambaye maji mengi kuliko yote aliyopata kuyaona ni dimbwi la masika, alivyoandikwa baharia wa manowari.

Nyamizi alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Nilipomwambia, aliacha kutwanga.

"Bahari ndiyo nini?"

"Sijui. Wanasema ni maji."

"Sasa maji yanapigwaje vita?"

Akaendelea kutwanga.

Wa kwanza kunitukana melini alikuwa Kibwana. Nilikuwa nimeshika gunia langu, miguu inatetemeka kwa kuyumba kwa ile meli, nikasikia sauti kutoka kwenye tundu la sitahani: "Jamani, nani kamleta mpagazi huku? Wewe, pembe za ndovu umeziacha wapi?" Kikatokea kichwa cheusi kwa makaa, meno tu ndiyo meupe. Nikajua huyu ni Mzaramo, na moyo ukatulia papo hapo. Nikamjibu, "Nimeziacha kwenu, mnalalia mkingoja nazi ziwaangukie." Akacheka mpaka akashika ukingo wa tundu. Tangu siku hiyo tukawa ndugu.

Kwa asiyejua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Wazee walisema utani huo ulianzia katika njia ya misafara, babu zetu walipobeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, wakapita nchi ya Wazaramo, wakagombana nao, wakapatana. Sijui kama ndivyo. Ninachojua ni kwamba mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo usikasirike, anaweza kuchukua kuku wako usimshtaki, na siku ukifa ndiye anayekuja kushughulika. Anabeba, anachimba, na anakuigiza ulivyokuwa ukitembea na ulivyokuwa ukisema, ili wenye msiba wacheke kidogo katikati ya kilio chao.

Meli yetu ilikuwa ndogo, ya mvuke. Kazi yetu ilikuwa kufagia mabomu ambayo adui aliyatega baharini. Tulivuta waya mrefu nyuma yetu, waya unakata kamba ya bomu, bomu linaelea juu, linapigwa risasi kwa mbali, linalipuka. Mengine hayakungoja kupigwa risasi. Niliona meli ya wenzetu, iliyokuwa mbele yetu asubuhi moja, ikipasuka katikati. Tuliokota watu wanne na kofia nyingi.

Kibwana alifanya kazi katika ghala la makaa, chumba cha chuma chenye giza. Alikuwa akisukuma makaa kwa beleshi kuelekea mlango mdogo wa chini, unaotokea kwa wachochea moto. Huo ndio ulikuwa mlango wake wa kutokea. Juu, sitahani, ghala lilikuwa na tundu la kumiminia makaa, lenye kifuniko cha chuma kinachokazwa kwa nati nne. Tukianza kufagia, matundu yote hufungwa, ili meli ikipigwa maji yasiingie. Kufunga tundu la ghala ilikuwa kazi yangu, na amri ilikuwa kwamba kabla sijafunga niulize kama kuna mtu.

Kwa hiyo kila siku niliinama nikauliza, "Kuna mtu?"

Kibwana akagonga chuma kwa beleshi mara tatu, ngo, ngo, ngo, akalia kama mgonjwa: "Maganga, nakufa huku!"

Na mimi: "Kufa upesi, Mzaramo, nina njaa, nangoja pilau ya matanga yako!"

Halafu nafunga, naye anatokea kwa mlango wake wa chini. Kila siku ya kazi, karibu miaka miwili. Siku ambazo mabomu yalilipuka karibu ndizo alizolia kwa sauti kubwa zaidi, na mabaharia waliokuwa wameshikwa na hofu wakapata kucheka. Serahangi wetu, msimamizi wa mabaharia, mtu mzima wa Tanga, alitukemea siku moja.

"Nyie wawili mnakiita kifo kila siku. Iko siku kitaitika."

"Kikiitika, Serahangi," Kibwana akamjibu, "kiambie nipo kazini, kipitie jioni."

Barua ya Nyamizi ilipofika, nilimpa karani wa meli anisomee mbele ya watu wote. Mtoto amezaliwa, wa kiume. Kibwana akaruka. "Mpe jina langu, Mnyamwezi, apate angalau kitu kimoja kizuri maishani!" Nikamwambia jina la Kibwana sitampa hata mbuzi. Ndivyo tulivyokuwa tukipendana.

Sasa nifike pale. Nimezunguka vya kutosha.

Ilikuwa asubuhi ya jua kali. Bahari ilikuwa imelala. Tulikuwa hatujaanza kufagia, tunaelekea tu mahali pa kazi, na matundu yalikuwa bado wazi.

Sikusikia mlio. Niliona maji yakisimama nyuma yetu, meupe, marefu kuliko mti wowote niliopata kuupanda.

Halafu sitaha ikaruka, ikanipiga kifuani.

Nilipoinuka, meli ilikuwa imeinama upande. Kapteni alikuwa anapiga kelele: fungeni kila kitu, fungeni! Wachochea moto walikuwa wanapanda ngazi mmoja mmoja, wanakohoa.

Nikakimbilia tundu langu. Vumbi la makaa lilikuwa linatoka kama moshi wa kienge. Ndani sikuona kitu.

"Kuna mtu?"

Ngo. Ngo. Ngo.

"Maganga, nakufa huku."

Nilifurahi. Lazima niandike hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimedhani nitakuta kimya, na badala yake nikasikia utani wetu, neno kwa neno, nikajua mtani wangu ni mzima na atatokea kwa mlango wa chini pamoja na wenzake.

Nikacheka. Nikamwambia, "Kufa upesi, Mzaramo, nina njaa, nangoja pilau ya matanga yako."

Nikafunika. Nati ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Akagonga tena. Mara tatu. Akasema kitu, lakini chuma kilikuwa kati yetu.

Nikagonga kwa kisigino, kumjibu. Nikakimbilia tundu jingine.

Sikutega sikio.

Meli haikuzama. Maji yalipita juu ya sitaha, lakini kila tundu lilikuwa limefungwa, na kapteni akaipeleka taratibu mpaka ikakwama kwenye fungu la mchanga nje ya bandari. Hapo tukaanza kuhesabu watu. Serahangi akataja jina la Kibwana mara moja, akalitaja mara ya pili, kisha akanitazama mimi.

Nilifungua zile nati nne kwa vidole hivi.

Mlipuko ulikuwa umeporomosha makaa. Yaliziba mlango wa chini, yakammeza yeye mpaka kiunoni, na maji yakaingia kwa ufa. Kulikuwa na njia moja tu ya kumtoa, nayo ni tundu langu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka na beleshi, karibu kabisa na kifuniko. Nimepima mara nyingi kichwani. Ni kiasi cha mtu kulala kifudifudi na kunyoosha mkono. Yaliyobaki sitayaandika.

Kapteni aliniita, akaniambia kupitia kwa karani kwamba nimefanya kazi yangu, kwamba tundu lile lingebaki wazi meli ingezama na watu wote. Nikapewa utepe wa kushona kifuani. Huenda alisema kweli. Lakini maji yalikuwa bado hayajafika pale nilipofunika. Nilikuwa na muda wa kutania. Muda wa kutania ni muda wa kunyoosha mkono.

Tulimzika siku ileile, katika bandari ya ugenini, Waislamu wa melini wakamsalia. Mimi Mkristo nilisimama pembeni na beleshi lake. Sikumwigiza. Serahangi hakuniambia neno, wala siku ile wala baadaye, na afadhali angeniambia.

Nilipopata likizo, kazi ya mtani ilikuwa inaningoja. Nilikwenda kwao, mbele kidogo ya Kisarawe, nimechukua kofia yake na kikoi chake. Nilikusudia kusema. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nikafika uani kwa mama yake, Bi Mwantumu, nikapiga hodi.

"Nani wewe?"

"Mtani wenu, kutoka Tabora."

Wanawake wakaangua kilio, na katikati ya kilio Zena, dada yake Kibwana, akanirukia: "Mpagazi mkubwa wewe! Mwenzio kafa, ndiyo kwanza unafika! Ulikuwa unarina asali baharini?" Wakanimwagia maji, wakanipaka majivu, wakaninyang'anya viatu. Ndiyo desturi. Kisha Bi Mwantumu, mwanamke mfupi mwenye sauti nene, akakaa mkekani akasema, "Haya, mtani. Mwanangu sikumwona akizikwa. Niigizie."

Ningeweza kuigiza anavyokula. Ningeweza kuigiza anavyocheza ngoma. Sijui ni shetani gani, au labda nilidhani hiyo ndiyo njia ya kusema. Nikachukua ungo, nikachuchumaa, nikajifunika. Nikagonga sufuria kwa mwiko, ngo, ngo, ngo. "Maganga, nakufa huku!"

Sauti yake niliipata barabara. Ua mzima ukashtuka, halafu wakacheka. Nikatoka chini ya ungo, nikawa mimi mwenyewe: "Kufa upesi, Mzaramo, nangoja pilau ya matanga yako!" Wakacheka zaidi. Bi Mwantumu alicheka mpaka machozi yakamtoka, anajipiga mapaja, anasema, "Ndiye! Ndiye huyo huyo mwanangu!"

Nikasema, "Basi nikamfunika. Akagonga tena, sikumfungulia. Mimi ndiye niliyemfunika."

"Mnyamwezi mwongo huyu!" Zena akapiga kelele, na watu wakashikana kwa kicheko.

Neno moja tu lilitakiwa pale. Ningesema, jamani, sitanii. Nilitazama nyuso zao, nikaona jinsi walivyokuwa wamepumzika. Nikakaa. Wakaleta pilau, nikapewa sinia la kwanza, kama mtani anavyostahili.

Pilau ile nikaila.

Vita vilipokwisha nilirudi kwa reli mpaka Tabora, nikamkuta mwanangu anakimbia na kusema. Nilimwita Kibwana. Mchungaji aliuliza kwa nini mtoto wa Kikristo aitwe hivyo, nikamwambia mbatize jina unalotaka wewe, mimi nitamwita hivyo. Tukahamia Ng'ambo. Nikalea watoto watano, mmoja tukampoteza kwa surua. Nikachimba kisima na wenzangu, nikakifungia kamba kwa mafundo ya melini ambayo hayajawahi kufunguka, na kazi ya kukifunika jioni nikajipa mwenyewe. Nimechimba makaburi ya Wakristo, nimebeba majeneza ya Waislamu. Mjane akibomokewa na ukuta, mimi huyo na udongo. Watu wananisifu, na nisijifanye sipendi kusifiwa, napenda. Lakini nisikudanganye kwamba ni wema mtupu. Mtu anayefanya kazi kutwa hana nafasi ya kukaa.

Na kuna jambo walilonichekea. Kila ninapofunika kisima, au mtungi, au kufunga mlango wa kanisa, nauliza kwanza, "Kuna mtu?" Kisha natega sikio. Wakanibatiza Bwana Kuna-Mtu. Hata mzinga wa nyuki nauuliza. Baba yangu aliishi mpaka akaliona hilo, akasema nimejifunza vizuri. Sikuwa na moyo wa kumweleza ni lini nilijifunza.

Nyamizi peke yake ndiye niliyemweleza, na mchungaji. Ulipopita mwaka wa sita tangu vita viishe, Nyamizi alikuwa anapika, akasema bila kunitazama:

"Umeniambia mimi. Umemwambia mchungaji. Mwenye mtoto je?"

"Nilimwambia."

"Ulimtania," akasema Nyamizi.

Nikapanda reli na debe la asali.

Nilimkuta Bi Mwantumu uani, anapepeta mchele. Amezeeka. Aliponiona akaanza: "Hee, mpagazi! Leo umebeba debe, pembe zimekwisha?" Sikumjibu. Nikakaa chini, chini kabisa, mbali na mkeka. Nikamweleza yote kuanzia yale maji meupe mpaka nati ya nne, kwa sauti ya kawaida, mikono yangu nimeikalia ili isiigize kitu.

Ungo ulisimama.

"Alikuita mara ngapi?"

"Mara mbili, mama. Kila mara aligonga mara tatu."

"Na ulimjibu."

"Nilimjibu."

"Maneno yale yale ya siku ile? Ya pilau?"

"Ndiyo."

Kuku walikuja wakala mchele uliomwagika, hakuwafukuza. Kisha akasema, si kwa hasira:

"Kwamba ulifunga, hiyo ni vita. Wakubwa walikuamuru. Hilo nitalibeba. Lakini mimi nilicheka, Maganga. Mwanangu anagonga, anakufa, na mimi mama yake nimekaa mkekani nacheka, najipiga mapaja. Umenifanya nimcheke."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Miaka yote nilikuwa nimejifikiria mimi na tundu langu.

"Asali yako nimepokea," akasema. "Ila kuanzia leo usinitanie, na mimi sitakutania. Tuamkiane kama watu wengine."

Miaka yote nilikuwa sijapata kumwamkia. Mtani haamkii, mtani anatukana. Nikasimama, nikainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikatoka. Zena alikuwa anarudi kisimani, akanitukana njiani kwa furaha, nami nikampita nimeangalia chini. Nadhani mama yake alimweleza, maana safari iliyofuata na yeye aliniuliza tu habari za nyumbani.

Tangu hapo nikawa napeleka asali kila msimu. Bi Mwantumu akipokea, akijibu salamu zangu kwa adabu zote, anauliza hali ya Nyamizi, hali ya watoto. Hakuna aliyenimwagia maji tena katika ua ule, wala kuninyang'anya viatu.

Alipofariki, Mwingereza akiwa bado anatawala, Zena alinipelekea habari, nikafika siku ya matanga. Palikuwa na Mnyamwezi mmoja, kuli wa bandari, mtu wa Bukene ambaye hakuwahi hata kula chumvi nyumbani mle. Yeye ndiye aliyekuwa mtani wa msiba. Akachukua ungo akamwigiza Bi Mwantumu: anavyopepeta, anavyofukuza kuku, ile sauti nene. Aliigiza vizuri. Watu walicheka, wakapumzika.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa wageni, na viatu vyangu vilikuwa palepale nilipovivua.